Fomu Tano za Kozi ya Tata Magdaline

Wamagana,
7 Februari 1999

Tata Magdaline mpendwa,

Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na nikianza na salamu ujasiri utaniishia kabla sijalifikia. Sijawahi kugusa kompyuta. Hata moja. Najua Mama alikuandikia wakati wa Krismasi kwamba mimi ndiye wa kwanza darasani katika somo la kompyuta, na ni kweli. Lakini kompyuta za shule yetu ni tatu, zimefunikwa vitambaa alivyofuma mke wa mwalimu mkuu, na Mwalimu Mwai, anayetunza ufunguo, hutuonyesha kupitia dirisha kama watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Sisi hujifunza kupiga chapa kwenye karatasi ya manila iliyochorwa vitufe. Nimefikisha maneno thelathini kwa dakika. Ni maneno gani, hakuna ajuaye.

Sasa salamu. Sisi sote wazima. Ng'ombe amezaa ndama dume, kwa hiyo aliyefurahi ni ng'ombe peke yake. Cucu anakusalimu na anauliza utamleta lini yule mtu wa kukuoa. Nilimwambia kwamba katika barua yako hukutaja mtu yeyote. Akasema, "Basi hukusoma vizuri."

Nimeungama kwa sababu ya barua yako ya Januari, uliposema unatafuta mtu anayejua kompyuta kidogo akusaidie na kozi unayoiandika. Mtu huyo si mimi. Tafadhali usimwambie Mama.

Wako mtiifu,
Kagure
(Kidato cha Tatu, bingwa wa manila)


Nairobi,
24 Februari 1999

Mami wangu mdogo,

Wacha nikuite hivyo. Ulipewa jina la mama yangu, huyo Cucu wako, kwa hivyo hata ukinikasirisha mimi shangazi yako siwezi kukukemea, nitakuwa namkemea yeye. Umebahatika sana.

Mimi niko salama. Baridi ya Nairobi si kitu, lakini maji ya bomba yanakuja Jumanne na Ijumaa tu, kama daktari wa macho. Mwambie Cucu yule mtu bado anatafuta barabara.

Kagure, hivi unajua nilivyocheka? Si wewe ndiye ninayekutaka! Watu wanaojua kompyuta wamejaa hapa, na hakuna hata mmoja anayeweza kuniambia somo langu halieleweki, kwa sababu wao wanaelewa kabla hawajasoma.

Wacha nikueleze, maana najua hapo nyumbani mnasema tu "anafanya na makompyuta". Kuna vijana wanaoandika programu. Sisi tuko wanane, tunakaa nayo na kuijaribu mpaka ikosee mbele yetu, isije ikamkosea mteja. Tunaitwa wajaribu. Tuliajiriwa kwa haraka kwa sababu ya mwaka 2000, ati saa ikifika kompyuta zitadhani ni 1900. Ikifika Januari na dunia ikiwa bado iko mahali pake, mkataba wetu umeisha. Mimi nilikuwa nikipiga chapa barua za wakili. Mwenzangu mmoja alikuwa akiuza viatu. Hakuna aliye na cheti cha kazi hii, na hakuna anayejua kupanda ngazi kutoka kubonyeza vitufe mpaka kuongoza wenzake.

Ndiyo maana naandika kozi. Masomo kumi na mawili, moja kila Jumatatu kwa imeili, kwa mjaribu yeyote wa Nairobi, Kampala au popote, anayetaka kusonga mbele. Unaenda duka la intaneti, unachapisha somo, unafanya zoezi kwa karatasi. Mkubwa wetu, Bwana Ngatia, amesema hivi: kozi ijaribiwe na watu watano ambao hawajui lolote, nimletee fomu tano zilizojazwa. Nikileta, kampuni itaiweka kwenye tovuti yake na mimi nitabaki baada ya Januari kuiendesha. Nisipoleta, natoka na wengine.

Nakutumia masomo sita ya kwanza na fomu. Tafuta watu watano. Kila mmoja afanye mazoezi ukiwa umekaa naye, bila kumsaidia. Fomu ina sehemu tatu: nilichotarajia, kilichotokea, na mwisho "Imefaulu" au "Haikufaulu". Kumbuka, anayefaulu au kushindwa ni somo, si mtu.

Tata wako,
Magdaline


Wamagana,
16 Mei 1999

Tata mpendwa,

Samahani kwa kukawia. Kulikuwa na mitihani, kisha mvua, kisha mitihani tena. Mama alianguka akitoka kupeleka majani ya chai, lakini ni mkono tu na unaendelea kupona. Cucu amekataa miwani kwa sababu, anasema, akianza kuona vizuri atagundua nyumba ni chafu.

Nimefunga humu fomu tano. Wanafunzi hawa si wa shule yetu. Nilikutana nao kwenye kongamano la vijana wa kanisa huko Chogoria wakati wa likizo ya Aprili. Majina yao ni Murungi, Kaari, Gatobu, Kaberia na Nkirote. Gatobu anatumia mkono wa kushoto na ana aibu. Kaberia alibishana na kila hatua lakini akamaliza. Nkirote ni wa kipekee. Ana miaka kumi na sita kama mimi, babake ni mchungaji, yeye mwenyewe ana sauti ya upole, na katika somo la nne, pale unapomtaka mtu aandike mambo matatu aliyofanya vizuri yeye mwenyewe ili amweleze mkubwa wake, aliandika ukurasa mzima bila kusita. Nimekunukulia maneno yake nyuma ya fomu.

Masomo yote yamefaulu.

Swali moja tu. Baada ya somo la nne, kwenye bahasha lilifuata la sita. La tano liko wapi?

Wako,
Kagure


Nairobi,
2 Juni 1999

Mami!

Pole kwa Mama, nimemtumia dawa ya kuchua kwa mkono wa binti wa jirani anayekuja huko Gatitu.

Fomu zimefika na nimezisoma nikiwa nimesimama. Huyu Nkirote! "Mimi ndiye niliyepanga kwaya upya, na tangu siku hiyo hakuna aliyeimba nje ya sauti." Wewe, mtoto wa miaka kumi na sita anasema hivyo bila kutetemeka? Mimi nina miaka thelathini na mbili na nikiingia kwa Bwana Ngatia nasahau hata jina la kampuni. Nilimsomea Bwana Ngatia ule ukurasa. Akavua miwani. Akasema, "Huyu msichana aletwe nimwone." Anataka maneno yake yawekwe kwenye tovuti siku ya kuzindua kozi, na picha. Likizo ya Agosti njooni nyote wawili, nauli nitalipa mimi.

Somo la tano linakuja. Halijaiva.

Tata wako mwenye furaha,
Magdaline


Wamagana,
13 Juni 1999

Tata mpendwa,

Wazima. Dawa ya kuchua ilifika, Mama anasema inanuka kama tairi lakini inasaidia.

Kuhusu Nkirote, kwa bahati mbaya ameugua matubwitubwi. Pande zote mbili. Hawezi kupigwa picha. Tena nimesikia babake anahamishiwa kanisa moja huko ndani ya Isiolo, mbali kabisa na barabara, na sijui anwani yao.

Tafadhali mwambie Bwana Ngatia asingoje.

Kagure


Nairobi,
20 Juni 1999

Mami,

Maskini mtoto huyo! Matubwitubwi na kuhama kwa pamoja. Nimemnunulia sweta, ya kijani. Nimekadiria vipimo kwa mwili wako, maana ulisema mnalingana umri. Nakutumia wewe, umpelekee kupitia vijana wa kanisa. Mwambie Tata Magdaline anamwombea, na kwamba kazi yake inamngoja.

Magdaline


Wamagana,
4 Julai 1999

Tata,

Sweta imefika. Ni nzuri. Inanitosha kabisa, na hilo ndilo lililonimaliza.

Hakuna Nkirote. Hakuna Murungi, Kaari, Gatobu wala Kaberia. Kongamano lilikuwepo, lakini mimi sikwenda. Nilibaki nyumbani nikisoma. Masomo yako niliyakunja kwenye kitabu cha historia nikayatembeza shuleni majuma tisa. Kila asubuhi nilisema leo nitamwomba Wamucii, ambaye tunaketi dawati moja tangu Kidato cha Kwanza. Namfahamu mpaka mswaki wake. Na kila asubuhi nilimwuliza kitu kingine. Nimeiazima rula yake mara kumi na nne, Tata, na rula yangu iko mfukoni.

Halafu usiku mmoja nikaona itakuwa rahisi zaidi kuwatunga. Nilichagua watu wa upande wa Meru kwa sababu ni mbali na huna mtu wa kumwuliza huko. Nilikusudia wawe wa kawaida. Lakini ukimpa mtu jina anaanza kudai na mambo mengine, kikohozi, baba mchungaji, kwaya. Nkirote alinishinda nguvu. Ningekuwa na akili ningemfanya awe wa tatu, afichwe na wenzake.

Najua fomu ulizipeleka kwa Bwana Ngatia. Najua kazi yako iko pale. Niliandika "Imefaulu" mara tano bila kumwuliza mtu hata mmoja. Sijui la kufanya. Sweta nimeikunja, sijaivaa tena baada ya kuijaribu.

Kagure


Nairobi,
29 Agosti 1999

Kagure,

Nimechelewa. Nilianza barua hii mara nne.

Ya kwanza ilikuwa ya kukukemea. Nilifika pale pa kuandika jina lako nikaona jina la mama yangu, kalamu ikakataa. Ya pili nilisema si neno. Nikaichana, kwa sababu ni neno. Wewe hujui mjaribu akiandika "Imefaulu" juu ya kitu ambacho hakukijaribu amefanya nini. Mimi najua.

Somo la tano liko humu. Lisome kwanza, halafu urudi hapa.

Umesoma. Basi sasa unajua kwa nini halikuwa limeiva. Ilikuwa 1997. Majaribio arobaini ya programu ya kliniki moja, Ijumaa, nami nilikuwa na safari. Niliandika "Imefaulu" arobaini, moja chini ya nyingine, kwa mwandiko mzuri. Juma la tatu, kina mama wajawazito wote wa mwezi walipangiwa siku moja. Wengine walikuwa wametoka mbali, kwa miguu, na mvua ilikuwa ikinyesha. Aliyelaumiwa ni kijana aliyeandika programu, Peterson. Mimi nilikaa kimya kwenye kiti changu. Yaliyompata Peterson baadaye sitayaandika, si kwa barua.

Nilikwenda kwa Bwana Ngatia. Nilimwambia yako. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshasimama, nikamwambia yangu. Akauliza, "Kwa hivyo yule msichana wa kwaya hayuko?" Nikasema hayuko. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Ameniambia hivi. Anataka fomu tano za watu wa kweli mezani kwake kufikia Jumatatu tarehe 18 Oktoba. Hajali zimefaulu au hazikufaulu. Ati kozi ambayo hakuna aliyeikosea, hakuna aliyeisoma. Zikifika tano, nabaki. Zikipungua, Januari natoka, na hakutakuwa na wa kunitetea.

Ningeweza kuwatafuta watu hapa Nairobi. Nimefikiri sana. Nimeamua ziwe zako. Kama huwezi, niambie mapema, kwa ukweli.

Sweta ivae. Baridi haijui ilinunuliwa kwa ajili ya nani.

Magdaline


Wamagana,
9 Oktoba 1999

Tata mpendwa,

Wazima sote. Mama ameanza kuimba akikamua, kwa hiyo mkono umepona. Ndama dume tumemwuza. Cucu amekubali miwani na ni kweli alivyosema, sasa tunafagia mara mbili kwa siku.

Nilianza na Wamucii. Nilimwambia, "Nina kitu." Akasema, "Rula iko hapo." Nikasema si rula. Alipomaliza kusoma barua yako aliniangalia vile mtu anavyomwangalia kuku aliyeingia kanisani. "Ati umebeba hii kitu tangu Machi? Na mimi niko hapa? Kagure, wewe ni mgonjwa." Akafanya masomo yote kwa mapumziko matatu.

Wa pili ni Ndungu, fundi wa redio hapa sokoni. Wa tatu ni mkewe, ambaye alimnyang'anya Ndungu karatasi. Wa nne ni Cucu. Nilimsomea kwa sauti naye akajibu nikaandika, na nimeeleza hivyo kwenye fomu. Usicheke. Alipata kosa katika somo la kwanza ambalo sisi wote hatukuliona. Hatua ya sita inasema "rudia", lakini haisemi kurudia kutoka wapi. "Kama ni kupika," alisema, "nirudie kuosha sufuria ama nirudie kuweka chumvi?"

Somo la kwanza, la pili, la tatu na la sita waliyaweza wote, ukiacha hiyo hatua ya Cucu. Somo la tano Ndungu alilisoma mara mbili, akazima redio aliyokuwa akiitengeneza, akaiwasha, akaanza kuipima upya.

Shida ni somo la nne, lile la Nkirote. Pale pa kuandika mambo matatu uliyofanya vizuri wewe mwenyewe, hakuna aliyeweza. Ndungu, ambaye hufanya kazi peke yake kwenye kibanda kisichotosha watu wawili, aliandika, "Tunajaribu kutengeneza redio." Mkewe aliandika kuhusu Ndungu. Wamucii aliandika kuhusu mimi, na sitakutajia alichoandika. Cucu alisema ni Mungu aliyefanya, yeye alikuwa tu karibu. Nilimwambia, "Cucu, somo linataka wewe." Akanijibu, "Mwambie Magdaline hivyo sivyo nilivyomlea."

Nimeandika "Haikufaulu" mara nne. Ni yule wa kutunga tu aliyeweza kujisifu, na ndiye aliyetupendeza sisi sote. Nimelifikiria hilo sana.

Sasa fomu ya tano. Nilikuwa nimemwomba kaka wa Ndungu, akasafiri kwenda Karatina bila kuaga. Jana, Ijumaa, ilikuwa siku ya mwisho ya shule kabla ya sikukuu ya tarehe 10, na posta ya leo ndiyo ya mwisho ninayoiamini kufika kabla ya tarehe 18. Nitakuambia ukweli. Wakati wa chakula cha mchana niliitoa ile fomu tupu. Nilijua vizuri sana mtu wa tano angejibu nini. Angejibu kama wale wanne. Ingekuwa karibu kweli. Hata jina lake lilikuwa limeshaanza kuja.

Nikaifunga kalamu, nikaenda kugonga chumba cha walimu.

Alikuwemo Mwalimu Mwai peke yake, anakula mahindi ya kuchoma juu ya gazeti.

"Kagure. Nani amekutuma?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi umepotea."

Nilimweleza yote nikiitazama sakafu. Nilipofika mwisho nilikuwa naifahamu sakafu ile vizuri. Alifuta mikono, akasema, "Lete. Mimi nimesomea mambo haya. Utaona mtu akifaulu." Somo la kwanza mpaka la tatu aliyamaliza kabla ya kengele. Aliniambia hatua ya sita ina kosa, nikamwambia Cucu alishaliona, na akaanza kunisikiliza.

Kisha somo la nne. Aliandika, akafuta. Aliandika, "Wanafunzi wangu wamefanya vizuri," akafuta. Kengele ikalia, akanionyesha kwa mkono nisiondoke. Mwishowe aliniambia, bila kuniangalia, "Unajua nimekuwa kaimu mkuu wa idara kwa miaka tisa? Kaimu. Kila mwaka wananiambia niandike barua ya kuomba cheo chenyewe. Kila mwaka naanza." Akanirudishia karatasi ikiwa tupu, hakutaka kuendelea.

Nilikaa na fomu magotini. Nikasema, "Mwalimu, anayeshindwa ni somo, si mtu." Nikaandika "Haikufaulu" kando ya jina lake, mbele ya macho yake. Alitazama neno hilo kitambo. "Weka na tarehe," akasema.

Tata, hizo ndizo fomu tano. Chini ya ya tano, kwenye nafasi ya maoni, nimependekeza hivi: katika somo la nne mtu asiandike habari zake kwanza, aandikiwe na mwenzake anayeijua kazi yake, kisha yeye azisome na kuzirekebisha. Lakini sikutaka kupendekeza kitu ambacho sijakijaribu.

Kwa hiyo jana jioni nilichukua karatasi safi nikaandika jina la Mwalimu Mwai, na chini yake mambo matatu ambayo nimeyaona akiyafanya. Asubuhi nilimpelekea nyumbani kwake. Aliisoma mlangoni, akabadilisha neno moja, akaikunja akaitia mfuko wa shati. Nimeandika hilo kwenye fomu, kama lilivyotokea.

Nikarudi nikachukua karatasi nyingine, nikaandika jina lako. Mambo matatu. La tatu ni la mwezi wa Agosti, uliposimama mbele ya meza ya Bwana Ngatia. Nimeiweka kwenye bahasha ndogo nikaifunga kwa gundi, na juu nimeandika jina lake, si lako. Usiifungue. Mpe pamoja na fomu.

Saa nne na nusu nilifika posta ya Nyeri. Nilihesabu fomu tano, nikaweka bahasha ndogo juu yake, nikafunga zote katika bahasha ya kaki, nikalipia rejista ili isipotee na kuweka risiti ndani ya kiatu. Kisha nikanunua sukari aliyoniagiza Mama, nikarudi nyumbani kukuandikia barua hii, inayokuja peke yake.

Kagure